Lori Linalotembea: Ukarabati wa Malori ya Kijeshi ya Zamani na Uhifadhi wa Ujuzi wa Ufundi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna raia wa Ulaya na Marekani wanavyokarabati na kutunza malori ya kijeshi ya zamani kwa mapenzi yao, nje ya kazi zao za kila siku. Mfano uliochaguliwa ni lori la GMC CCKW lililotumika katika Vita vya Pili vya Dunia. Hoja kuu ni kwamba kinachohifadhiwa katika uraibu huu si chuma peke yake, bali ni ujuzi wa kukiendesha na kukitengeneza. Ujuzi huo hudumu kwa kutegemea nguzo tatu: nyaraka za ufundi, vyama vya hiari, na sheria inayoutazama umri wa gari kuwa thamani. Makala yanajadili pia mvutano baina ya uhalisi na usalama, pamoja na swali la nani anakumbukwa lori linapokarabatiwa. Mwisho, nguzo hizo zinatumika kuitazama hali ya Afrika Mashariki, ambako ufundi upo lakini maandishi na sheria havijaufikia.

Maneno makuu: malori ya kijeshi, ukarabati, urithi wa kiufundi, ujuzi wa mafundi, sera ya magari

1.0 Utangulizi

Mijadala ya urithi katika Afrika Mashariki imejikita zaidi katika majengo, maeneo ya kale, ngoma, miswada na lugha. Mashine za karne ya 20 hutajwa kwa nadra, na zikitajwa huwa ni kama masalia ya ukoloni au chuma chakavu. Hata hivyo, mashine hubeba maarifa ya aina yake. Nyumba ya kale inaweza kusimama karne nzima bila mtu kujua namna ilivyojengwa. Injini haiwezi kuendelea kufanya kazi bila mtu anayejua kuirekebisha. Kwa sababu hiyo, mashine inayotembea ni ushahidi kwamba kuna watu hai wenye ujuzi wake.

Uraibu wa kukarabati malori ya kijeshi unaonesha jambo hili kwa uwazi. Nchini Marekani, chama cha wahifadhi wa magari ya kijeshi kinachojulikana kwa kifupisho MVPA kilianzishwa mwaka 1976. Nchini Uingereza, chama kinachoitwa leo Military Vehicle Trust kina mizizi yake katika mwaka 1968. Wanachama wa vyama hivi ni raia wa kawaida wanaotumia fedha na muda wao wenyewe. Baadhi yao hawajawahi kuvaa sare ya jeshi. Makala haya yanaeleza wanachokifanya, kinachowawezesha kukifanya, na funzo linaloweza kupatikana kwa watafiti na washauri wa sera wa eneo hili.

2.0 Lori na Jeshi Lililolitunza

GMC CCKW lilitengenezwa Marekani kati ya mwaka 1941 na 1945, na zaidi ya malori 500,000 ya aina hiyo yalitoka viwandani. Jina lake ni msimbo wa kiwanda: C ya kwanza ni mwaka wa usanifu, yaani 1941; C ya pili ni kabini ya kawaida iliyo nyuma ya injini; K ni uendeshaji wa magurudumu ya mbele; na W ni ekseli mbili za nyuma zinazosukuma. Hivyo ekseli zote tatu hupokea nguvu. Injini yake ni ya petroli, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa takriban lita 4.4. Nguvu hupita katika gia boksi ya gia tano, kisha katika boksi la pili linaloigawa kwa ekseli. Jeshi lilikadiria mzigo wake kuwa tani mbili na nusu nje ya barabara, ingawa vitani lilibebeshwa zaidi mara nyingi.

Usanifu huu haukulenga lori lidumu miaka 80. Ulilenga litengenezeke haraka, mahali popote, na watu waliofunzwa kwa miezi michache. Jeshi la Marekani liligawa matengenezo katika ngazi tano. Ngazi ya kwanza ilikuwa ya dereva mwenyewe: kukagua mafuta, maji, matairi na boliti kabla ya safari, njiani, wakati wa mapumziko na baada ya safari. Ngazi ya pili ilikuwa ya mafundi wa kikosi. Ya tatu na ya nne zilikuwa za karakana za kati na za kazi nzito, na ya tano ilikuwa ya karakana kuu zilizoweza kulijenga lori upya kabisa. Kila ngazi ilikuwa na zana zake, vipuri vyake na mipaka yake. Dereva hakuruhusiwa kugusa kazi ya karakana.

Hapa ndipo ugumu wa uraibu huu unapoanza. Mwenye lori leo anarithi gari lililobuniwa ili litunzwe na mfumo wenye maelfu ya watu, lakini mfumo huo umekwisha kuvunjwa. Katika gereji yake, yeye ni dereva, fundi wa kikosi, mtunza stoo na karakana kuu kwa wakati mmoja. Sehemu kubwa ya shughuli za vyama vya wapenzi wa malori ni jitihada ya kuujenga upya mfumo huo kwa njia ya kiraia.

3.0 Mchakato wa Ukarabati

3.1 Utambuzi

Kazi haianzi na spana. Inaanza na kulitambua lori. Kibao cha taarifa ndani ya kabini na namba iliyogongwa kwenye chasisi huonesha kiwanda na kipindi cha utengenezaji. Utambuzi huu una athari za moja kwa moja. CCKW lilitoka na aina mbili za ekseli kutoka kwa watengenezaji tofauti, na vipuri vya moja havikai kwenye nyingine. Malori ya mwanzo yalikuwa na kabini za chuma zilizofungwa. Baadaye, ili kuokoa chuma na nafasi melini, zilikuja kabini za wazi zenye turubai. Bodi za mizigo nazo zilibadilika kutoka chuma hadi mbao katika kipindi fulani cha vita.

Rangi ni chanzo kingine cha ushahidi. Ubavuni mwa boneti jeshi liliandika namba ya usajili, na kwa malori ya kundi hili namba hiyo ilianza na tarakimu 4. Mkarabati mwangalifu huikwangua rangi polepole kwa msasa laini, tabaka baada ya tabaka, mpaka namba ya kwanza ionekane. Anayekimbilia kupiga mchanga kwa mashine huifuta historia ya gari lake kwa dakika chache, na hakuna nyaraka inayoweza kumrudishia.

3.2 Injini na mfumo wa nguvu

Lori lililokaa miaka mingi zizini au msituni kwa kawaida huwa na injini iliyokwama. Unyevu hupita kwenye vali zilizobaki wazi, ukashikamanisha pistoni na silinda kwa kutu. Kuilazimisha izunguke kwa kuvuta lori ni kosa linaloweza kuvunja pete za pistoni. Njia ya busara ni kutoa plagi, kumimina mafuta mepesi ya kupenya, kusubiri siku kadhaa, kisha kujaribu kuizungusha kwa mkono. Njia za maji nazo huzibwa na tope na kutu, hata radieta mpya ikashindwa kuipoza injini.

Zipo changamoto zilizoletwa na wakati wenyewe. Petroli ya leo yenye ethanoli, ambayo Uingereza iliifanya kuwa petroli ya kawaida mwaka 2021 kwa kiwango cha hadi asilimia 10, huharibu baadhi ya mipira ya zamani katika pampu na mabomba ya mafuta. Oili za kisasa zenye visafishaji zikiwekwa katika injini ya zamani ambayo haijafunguliwa hulegeza uchafu wa miaka mingi, na uchafu huo huziba njia za oili. Gia boksi nayo inadai ujuzi wa mwili: dereva hukanyaga klachi mara mbili na kulinganisha mwendo wa injini kwa sikio kabla gia haijaingia. Kitabu kinaweza kuueleza utaratibu huo, lakini mguu na sikio hufundishwa na mtu.

3.3 Breki, matairi na afya ya mkarabati

Mvutano kati ya uhalisi na usalama huonekana zaidi kwenye breki. CCKW lina mfumo mmoja wa breki za maji unaosaidiwa na ombwe la injini. Bomba moja likipasuka, breki ya mguu hupotea katika magurudumu yote sita. Breki ya mkono inayobaki hushika shafti nyuma ya boksi la kugawa nguvu. Mmiliki anaweza kuongeza mfumo wa pili kwa ajili ya usalama, lakini atakuwa ameliondoa lori katika hali yake ya asili. Wengi huuacha mfumo ulivyo, wakabadilisha mabomba yote kwa ratiba isiyokiukwa na kuendesha polepole. Swali hilohilo hujitokeza katika umeme: mfumo wa awali ni wa volti 6, na baadhi ya wamiliki huugeuza kuwa wa volti 12 ili taa ziwe kali zaidi.

Matairi huleta hatari ya aina nyingine. Mpira huzeeka kwa miaka hata kama haujaisha kwa mwendo, na tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa limeoza ndani. Rimu za malori haya hushikiliwa na pete ya kufungia. Ikikaa vibaya wakati wa kujaza upepo huweza kuruka kwa nguvu ya kuua. Kwa hiyo kazi hiyo hufanywa ndani ya kizimba cha chuma.

Zipo pia hatari zisizoonekana kwa macho. Breki shuu na gasketi za wakati ule zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani. Rangi za zamani zilikuwa na risasi. Baadhi ya mita za magari ya kijeshi ya kipindi hicho zilipakwa rangi yenye radiamu ili zisomeke gizani; mng’ao wake umekwisha kufifia, lakini mnururisho ungalipo. Vyama vinavyowajibika huwafundisha wanachama wapya mambo haya kabla ya kuwafundisha kupaka rangi.

4.0 Nani Anakumbukwa?

Lori lililokarabatiwa ni kauli kuhusu historia, na kauli yoyote inaweza kuacha jambo nje. Kati ya tarehe 25 Agosti na 16 Novemba 1944, malori ya Marekani, mengi yakiwa CCKW, yaliendesha msafara wa ugavi uliojulikana kama Red Ball Express nchini Ufaransa. Tarehe 29 Agosti pekee, takriban magari 6,000 yalibeba zaidi ya tani 12,000 za mafuta, risasi na chakula. Karibu robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi, katika jeshi lililowatenga kwa rangi. Amri ya rais ya kukomesha utengano huo ilitolewa mwaka 1948.

Katika maadhimisho yanayofanyika Normandy kila Juni, malori yaleyale huonekana barabarani yakiwa safi. Alama za vikosi huchorwa upya kwa uangalifu mkubwa. Kuchagua alama za kampuni fulani ya uchukuzi badala ya kikosi mashuhuri cha mapigano ni uamuzi wa kihistoria, na unaweza kumrudisha dereva mweusi katika picha au kumwacha nje. Aidha, malori mengi yaliyobaki Ulaya yaliendelea kutumiwa na jeshi la Ufaransa kwa miaka mingi baada ya vita, yakajengwa upya katika karakana zake. Anayelirudisha lori katika hali ya mwaka 1944 hufuta maisha yake marefu zaidi ya baadaye. Ndiyo maana baadhi ya wahifadhi hupendelea kuacha makovu, viraka na rangi zilizopauka, wakizingatia kwamba navyo ni kumbukumbu.

5.0 Nguzo Tatu za Uhifadhi

Nguzo ya kwanza ni nyaraka. Jeshi la Marekani liliandika kila kitu: kitabu cha dereva wa CCKW kilichapwa kwa namba TM 9-801, na orodha ya vipuri vyake iko chini ya namba G-508. Kila kipuri kina namba yake, hivyo mkarabati wa Ubelgiji na mwenzake wa Marekani huzungumzia kitu kilekile bila mashaka. Vitabu hivi huchapwa upya na kuuzwa hadi leo.

Nguzo ya pili ni vyama. Wanachama hukusanya vipuri vilivyosahaulika maghalani, huagiza gasketi na mipira kwa pamoja ili kupunguza gharama, huchapisha majarida na kukutanisha wazee wenye uzoefu na vijana wanaojifunza. MVPA hulichapisha jarida lake kwa jina la Army Motors, jina lilelile la jarida la matengenezo lililotolewa na jeshi wakati wa vita. Mfumo wa ngazi tano umepata hapa mrithi wa kiraia: anayejua kabureta humsaidia anayejua kupiga bodi.

Nguzo ya tatu ni sheria. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, linalitambua gari la kihistoria kuwa ni lile lenye umri wa miaka isiyopungua 30, linalotunzwa katika hali sahihi ya kihistoria na lisilotumika kwa usafiri wa kila siku. Mkataba wake wa Turin unasisitiza kwamba gari libaki kuwa chombo kinachotumika, na kwamba mabadiliko yaandikwe na yaweze kuondolewa. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 2014/45 kuhusu ukaguzi wa magari yana kigezo kama hicho cha miaka 30, yakiongeza kwamba aina ya gari isiwe inatengenezwa tena na sehemu zake kuu ziwe hazijabadilishwa. Ujerumani imekuwa na namba maalumu za usajili wa magari ya kihistoria tangu mwaka 1997. Katika forodha, kifungu 97.05 cha mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa kinahusu vitu vya ukusanyaji vyenye thamani ya kihistoria, na Umoja wa Ulaya hukitumia kwa magari ya zamani yanayotimiza masharti.

Mantiki ya sheria hizi inastahili kuangaliwa. Gari likifikisha miaka 10 au 15 huonekana kuwa mzigo kwa mazingira na usalama. Likivuka miaka 30 na kubaki katika hali yake, hubadilika kuwa urithi. Matumizi yake hupungua, na kwa hiyo madhara yake barabarani hupungua pia.

6.0 Mazingatio kwa Afrika Mashariki

Historia ya malori ya kijeshi inalihusu eneo hili moja kwa moja. Mwaka 1941, majeshi yaliyoondoka Kenya, yakiwamo ya King’s African Rifles, yaliingia Kismayu na Mogadishu mwezi Februari na kufika Addis Ababa tarehe 6 Aprili, baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 2,500. Mwendo huo ulitegemea malori na madereva. Wanajeshi wa Force Publique kutoka Kongo nao walipigana Ethiopia mwaka huohuo, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na mafunzo kwa wengi wa askari wa KAR. Maneno kama *dereva*, *lori*, *gia*, *breki* na *klachi* yamekuwa maneno ya Kiswahili kamili, na mafundi wa leo huyatumia bila kufikiri asili yake.

Tukizitazama nguzo tatu, nguzo ya ufundi wenyewe ipo imara hapa. Mafundi wa jua kali wa Kenya na wenzao wa gereji za Tanzania, Uganda na Kongo wamezoea kuchonga vipuri visivyopatikana madukani na kufufua injini ambazo kwingineko zingetupwa. Mapenzi ya magari ya kale pia yapo: Nairobi ina mashindano ya uzuri wa magari tangu mwaka 1970, na mbio za East African Safari Classic huleta magari ya zamani barabarani. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yanahifadhi Rolls-Royce iliyotumiwa na Mwalimu Julius Nyerere. Pengo liko katika malori, ambayo hayana urembo wa kuvutia majaji wala abiria mashuhuri, na pia katika nguzo mbili nyingine.

Kuhusu maandishi, ujuzi wa fundi hupita kutoka mkono hadi mkono. Fundi akifariki, huondoka na karakana nzima kichwani mwake. Kuhusu sheria, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inakitafsiri kitu cha kale kuwa ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Kwa tarehe hiyo, lori lolote liko nje, isipokuwa waziri atangaze vinginevyo. Wakati huohuo, sera za uingizaji wa magari hulitazama suala la umri kwa upande mmoja: Kenya huweka kikomo cha miaka 8, Uganda ilipiga marufuku magari yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kulingana na umri. Sera hizi zina sababu nzuri, kwani zinalenga kulinda hewa, barabara na maisha. Hata hivyo, makali yake yanahusu gari la kazi, na mantiki ya miaka 30 haipingani nayo.

Jambo moja linahitaji tahadhari ya pekee. Katika nchi ambazo raia wameteswa na watu waliovaa sare, gari la rangi ya kijeshi barabarani si burudani kwa kila mtu. Uraibu huu hauwezi kuhamishwa kama ulivyo. Kinachofaa kuchukuliwa ni mbinu zake za uhifadhi, na lori lenyewe linaweza kuwa la posta, la ushirika au la reli.

7.0 Hitimisho

Lori la kijeshi la zamani hubaki hai pale ambapo maarifa ya kulitunza yameandikwa, yamegawanywa miongoni mwa watu wengi na kutambuliwa na sheria. Kwa Afrika Mashariki, mapendekezo matatu yanajitokeza. Kwanza, vyuo vya ufundi na vitivo vya Kiswahili vishirikiane kurekodi ujuzi wa mafundi wazee kwa istilahi wanazozitumia wenyewe, kabla ya kubuni istilahi mpya. Pili, idara za makumbusho ziandae orodha ya mashine za karne ya 20 zilizobaki katika yadi za serikali kabla hazijauzwa kwa uzito wa chuma. Tatu, nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambazo ushuru wao wa pamoja wa forodha umejengwa juu ya mfumo uleule wa kimataifa wa uainishaji, zikubaliane juu ya tafsiri moja ya gari la kihistoria, yenye masharti ya umri, hali na matumizi. Pendekezo la kwanza ndilo la haraka zaidi. Chuma kinaweza kusubiri miaka mingine kumi chini ya mwembe, lakini fundi mwenye umri wa miaka 75 hana muda huo.